Mchango wa Karo Haununui Kiti cha Meno

Kikundi cha WhatsApp cha ploti yetu kimewahi kugombana kuhusu maji, kuhusu takataka na kuhusu mbwa wa mtu fulani. Safari hii kiligombana kuhusu meno. Kijana wa ghorofa ya tatu alikuwa ameitwa chuo kikuu kusomea udaktari wa meno, na mama yake akaomba majirani wamshike mkono. Mweka hazina wetu akaweka nambari ya M-Pesa na orodha ya majina. Majina sita yalipoingia, mzee wa ghorofa ya kwanza akaandika: "Huyu akimaliza atanitoza elfu tano kuziba jino moja. Nimchangie ili awe tajiri?"

Hapo orodha ikakwama. Mmoja akasema hiyo ni kazi ya serikali. Mwingine akasema waachiwe matajiri, maana wao hutoa misaada ili wasilipe kodi. Wa tatu, ambaye nadhani alikuwa anatania, akaandika kwamba yeye hawezi kumfungulia mwanafunzi mdomo ajifunzie humo. Kufikia saa tatu usiku watu wawili walikuwa wametoka kwenye kikundi. Kijana mwenyewe, aliyekuwa humo humo akisoma kila kitu, hakuandika neno.

Maswali yale hayakuwa ya kijinga. Shida yake ni kwamba yalichanganya kumsaidia mtu, kusaidia shule na kusaidia mgonjwa, kana kwamba ni jambo moja. Nimejaribu kuyatenganisha hapa chini, na nianze na maneno yenyewe.

Tukisema elimu ya meno, wengi wetu humwona mtu mmoja tu: daktari mwenye koti jeupe na koleo. Nyuma yake wapo wengine. Kuna daktari wa meno mwenye shahada, ambayo hapa Kenya huchukua miaka mitano, kisha mwaka wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kuachiwa asimame peke yake. Kuna bingwa, aliyerudi darasani kusomea jambo moja, kama meno ya watoto au upasuaji wa taya. Kuna afisa wa afya ya kinywa ya jamii, anayesomea diploma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Huyu ndiye utakayemkuta akisafisha meno, akiziba matundu madogo na kuzunguka shuleni akiwafundisha watoto kupiga mswaki. Na kuna fundi wa maabara ya meno, anayetengeneza meno ya bandia ambayo mgonjwa huyavaa miaka mingi bila kumjua aliyeyatengeneza. Anayetaka kusaidia elimu ya meno anaweza kumsaidia yeyote kati ya hawa. Michango ninayoisikia mimi, karibu yote, ni ya yule wa kwanza.

Upande wa utoaji nao una majina yake. Harambee tunaijua: watu wengi, pesa kidogo kidogo, siku moja, shida moja. Basari ni pesa ya masomo inayotolewa na taasisi kwa utaratibu, kwa mwanafunzi aliyetimiza masharti. Wings to Fly, iliyoanzishwa na Equity pamoja na Mastercard Foundation mwaka 2010, ni mfano unaojulikana hata vijijini, ingawa yenyewe ilianza na wanafunzi wa sekondari. Hisani, kwa maana ninayoitumia hapa, ni mtu au kampuni kutoa fedha, vitu au muda kwa manufaa ya umma bila kutarajia kurudishiwa. Na wakfu ni mali inayotengwa ili yenyewe isiliwe, yaliwe mazao yake tu. Watu wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa neno hili. Babu akiweka shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti, minazi haikatwi ikauzwa kama mbao. Huuzwa nazi, mwaka huu na mwaka ujao, na babu akishakufa nazi zinaendelea kuanguka.

Shikilia hiyo minazi, tutairudia.

Udereva wa ubaoni na udereva wa barabarani

Kwa nini kumfundisha daktari wa meno ni ghali kiasi hiki? Aliyewahi kupita shule ya udereva mjini Nairobi anaukumbuka ule ubao wenye mji wa kuigiza, na vigari vidogo vya kusukuma kwa kidole. Mwalimu mmoja anaweza kuwasimamisha watu arobaini kuuzunguka ubao huo na kuwafundisha nani apite kwanza kwenye mzunguko. Gharama yake ni chumba, ubao na sauti ya mwalimu. Siku ya kuingia barabarani hesabu hubadilika. Sasa unahitaji gari halisi, mafuta, na mwalimu aliyekaa pembeni, mguu karibu na breki. Hata wakirundikana wanafunzi wanne kwenye gari, anayejifunza kwa wakati huo ni mmoja.

Masomo mengi ya chuo kikuu ni ya ubaoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi wa sheria au wa historia anaweza kuongezewa wenzake mia moja darasani. Wataminyana, watalalamika, lakini watasoma. Udaktari wa meno huanza ubaoni na kumalizikia barabarani, na barabara yake ni mdomo wa mtu.

Kati ya ubao na barabara kuna kituo kimoja ambacho watu wa nje hawakijui. Wanafunzi huanza kwenye vichwa bandia: kichwa kilichofungwa kwenye nguzo, kina taya, mashavu ya mpira na meno ya plastiki yanayofunguliwa kwa skrubu. Hapo mtu hujifunza kushika mashine inayozunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika bila kutoboa mahali pasipohitajika. Baadaye huletewa meno halisi yaliyong'olewa, yaliyosafishwa kwa dawa na kupandwa kwenye plasta, kwa sababu plastiki haiozi. Jino lililooza lina ulaini fulani unaohisiwa kwenye vidole, na hakuna kitabu kinachoweza kuueleza.

Kisha ndipo mgonjwa. Na mgonjwa hutaka kiti.

Kiti cha meno kinaonekana kama kiti cha kinyozi kilichoongezewa taa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Chini yake kuna mabomba ya maji na ya hewa. Nje au kwenye chumba cha nyuma kuna kompresa inayosukuma hewa hiyo. Kuna mashine ya kufyonza mate na damu. Kuna jiko la mvuke la kuua vijidudu, linalopandishwa hadi nyuzi joto 121 au 134, maana kila chombo kilichoingia mdomoni lazima kipite humo kabla ya kuingia mdomo mwingine. Kuna eksirei. Halafu kuna vile vitu vinavyokwisha kila siku: glovu, barakoa, sindano, dawa ya ganzi, pamba, dawa ya kuzibia. Mwanafunzi wa uhasibu akikosea hufuta na kuandika upya. Mwanafunzi wa meno akikosea kuchanganya dawa ya kuzibia, ile iliyokosewa hutupwa, na inayofuata hununuliwa.

Juu ya hayo yote kuna mguu karibu na breki: mhadhiri. Sheria haimruhusu mwanafunzi kuachwa peke yake na mgonjwa, kwa hiyo wanafunzi wachache tu wanaweza kuwa chini ya jicho la mwalimu mmoja. Shule ikitaka kuongeza wanafunzi inabidi iongeze viti, walimu na wagonjwa kwa pamoja; kuongeza viti vya darasani peke yake hakusaidii. Baraza la madaktari, KMPDC, ndilo hukagua na kuidhinisha mahali pa kufundishia.

Ndiyo maana nasema karo haipaswi kuchanganywa na gharama. Karo ni kile mwanafunzi anachotozwa. Gharama ni kile kinachohitajika ili ajue kazi. Kati ya viwili hivyo kuna pengo, na mtu fulani lazima alizibe.

Basi serikali ilipe

Serikali hulipa sehemu, na ni sehemu kubwa. Shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 1974 kama idara ndani ya kitivo cha udaktari. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka kazi hii alipanda ndege. Ile ya Chuo Kikuu cha Moi ilikuja baadaye sana, kule Eldoret. Hizo ni taasisi za umma, zilizojengwa na kuendeshwa kwa kodi.

Tangu 2023, kwa wanafunzi wapya, mzigo hugawanywa kulingana na hali ya nyumbani: sehemu ni ufadhili wa serikali, sehemu ni mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, sehemu ni ya familia. Mfumo huo umefikishwa mahakamani na mabishano yake ni marefu, sitayaingilia. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba hayo yote ni mabishano kuhusu mwanafunzi: nani alipiwe, kiasi gani. Kompresa iliyokufa mwezi wa tatu haimo kwenye mabishano hayo. Haina daraja la umaskini, haiwezi kujaza fomu.

Tena wazo kwamba elimu ya juu hapa mjini ni ya serikali pekee si kweli kihistoria. Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kina mizizi miwili. Mmoja ni Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichopewa hati mwaka 1951. Mwingine ni chama cha kumbukumbu ya Gandhi, Gandhi Memorial Academy Society, ambacho Wahindi wa Afrika Mashariki walikiundia mfuko kwa kuchangishana ili wajenge chuo. Pande hizo mbili ziliungana, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1956. Wapo wanaopita karibu na maktaba yenye jina la Gandhi kila siku wakidhani ni heshima tu kwa mtu mashuhuri. Ni risiti.

Nje ya Kenya meno yamepata wafadhili wa ajabu. George Eastman, yule aliyeanzisha Kodak, alitajirika kwa picha na akatoa sehemu ya utajiri wake kwa vinywa vya watoto: kliniki ya meno katika mji wake wa Rochester, Marekani, iliyofunguliwa 1917, kisha nyingine London, Roma, Paris, Brussels na Stockholm. Ile ya London ilifunguliwa 1931 na leo jina la Eastman liko kwenye taasisi ya elimu ya meno ya University College London. Watu hawapigi tena picha kwa filamu kama zamani, lakini madaktari bado wanafunzwa huko.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna jengo. Mapema katika karne iliyopita shule nyingi za meno Marekani zilikuwa biashara za watu binafsi: ulipe, upewe cheti. Wakfu wa Carnegie ukamlipa profesa mmoja, William Gies, azunguke shule za Marekani na Kanada aone kinachofundishwa. Ripoti yake ya 1926 ilisema udaktari wa meno uwe ndani ya vyuo vikuu, na upewe uzito sawa na udaktari mwingine. Shule za biashara zikafifia. Pesa ya hisani ilinunua jibu la swali, na jibu hilo likawa na faida kuliko majengo mengi.

Turudi kwenye minazi

Tuseme madaktari wa meno waliohitimu miaka iliyopita wameketi pamoja na kuchanga shilingi milioni 10. Wanaweza kuwalipia wanafunzi 20, kila mmoja nusu milioni. Itakuwa furaha, kutapigwa picha, na mwaka unaofuata sanduku litakuwa tupu. Mwanafunzi wa 21 atakuja na barua yake akutane na pongezi.

Au waiweke wakfu. Tuseme wananunua dhamana za serikali na kupata asilimia 10 kwa mwaka. Hiyo ni milioni moja. Wakiwa na busara hawaitumii yote, kwa sababu bei hupanda. Milioni 10 ya leo haitanunua glovu zile zile baada ya miaka kumi na tano. Basi watumie laki sita, warudishe laki nne kwenye shina. Laki sita ni kidogo. Haijengi kitu. Lakini inakuja kila mwaka, mwaka wa uchaguzi na mwaka wa njaa, hata wale waliochanga wakiwa wamestaafu. Kwa laki sita ya uhakika mkuu wa shule anaweza kuweka mkataba na fundi wa kukagua mashine kila baada ya miezi mitatu, na jambo hilo moja likaokoa viti vya mamilioni.

Utoaji wa namna hii hauna msisimko, nakubali. Hakuna anayekata utepe wa mkataba wa matengenezo. Nadhani ndiyo sababu tunao mchache. Harambee imetuzoesha kutoa mbele ya watu, jina likisomwa kwa kipaza sauti, na wanasiasa wakaiharibu zaidi hadi Julai 2024 Rais Ruto akatangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki. Tunaweza kuitetea au kuilaumu harambee, lakini haikuundwa kwa shida isiyokwisha. Iliundwa kwa mazishi, kwa paa la shule, kwa tiketi ya ndege. Kuendesha kliniki ya kufundishia kunafanana zaidi na kulisha nyumba.

Sasa yale maswali

Nianze na mzee wa ghorofa ya kwanza. Atakuwa tajiri, kwa nini tumchangie? Ukimlipia mtu karo, ni kweli umemsaidia mtu, na pengine atatajirika. Ukitaka arudishe, kuna njia, kama kumpa mkopo badala ya zawadi, au kumfunga kwa makubaliano kwamba akihitimu atatumikia miaka kadhaa kwenye kaunti isiyo na daktari. Lakini ukichangia kiti, hesabu ni nyingine kabisa. Tuseme kiti kimoja kinapokea wagonjwa watano kwa siku, siku 200 kwa mwaka. Hao ni wagonjwa 1,000. Kikidumu miaka kumi, ni vinywa 10,000, na kila kinywa kimelipa bei ambayo kwa kawaida huwa chini ya ile ya kliniki ya binafsi mjini, kwa kuwa ni hospitali ya kufundishia. Wanafunzi waliopita kwenye kiti hicho ni faida ya juu. Mzee anaogopa kutozwa elfu tano. Dawa yake ni madaktari wengi na viti vingi, na huwezi kufika huko kwa kukataa kuchangia.

Na uhitaji si wa kubuni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa asilimia 23.9 ya watoto na asilimia 34.3 ya watu wazima. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilisema watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, yaani karibu nusu ya dunia. Mtu anayekunywa chai ya sukari na mandazi saa moja asubuhi na soda saa saba mchana, nikiwemo mimi, asishangae.

Kuna pia jambo ambalo ni letu hasa. Utafiti ule ule ulikuta alama za kuzidi kwa floridi, madini yaliyomo kwenye maji, kwenye meno ya takriban watoto wawili kati ya watano. Ni yale meno ya kahawia tunayoyaona sana Nakuru na Bonde la Ufa, ambako miamba ya volkano humwaga floridi kwenye maji. Visima vingi vya Nairobi navyo vina floridi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wamechekwa kwa meno hayo wakidhaniwa hawapigi mswaki. Shule ya meno ya Ulaya, ambako tatizo hili ni nadra, haina haraka ya kulitafutia dawa. Utafiti wa namna hii utafanywa na walio jirani na kisima, na utafiti nao hula pesa.

Kuhusu matajiri na kodi, watu wengi hudhani kampuni ikitoa milioni moja, hupunguziwa kodi milioni moja, kwa hiyo haikutoa kitu. Sivyo. Sheria ya kodi ya mapato inaruhusu mchango wa fedha kwa taasisi ya hisani iliyosamehewa kodi uondolewe kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa. Kodi ya kampuni za hapa ni asilimia 30. Kwa hiyo aliyetoa milioni moja anaokoa laki tatu, na laki saba zimetoka mfukoni mwake kabisa. Kama lengo lake lilikuwa kuongeza pesa, amechagua njia mbaya sana. Jambo la kuangalia ni kama taasisi inayopokea ina cheti hicho cha msamaha kutoka KRA, mamlaka ya kodi. Isipokuwa nacho, mtoaji hapati hata zile laki tatu. Ndiyo sababu kampuni hupendelea kupitia mashirika ya vyuo yaliyosajiliwa kuliko kumkabidhi mkuu wa idara bahasha.

La mwanafunzi kujifunzia mdomoni mwako limenichukua muda kulielewa. Anayefika kwako amekwisha kutoboa na kuziba meno ya plastiki na meno ya plasta mara nyingi. Akiwa kwako husimamishwa kila hatua: kabla ya ganzi mwalimu anaangalia, baada ya kuondoa uozo anaangalia tena, kabla ya kuziba anaangalia, na akimaliza anaangalia na kutia sahihi. Shida halisi ni muda. Jino linalozibwa nusu saa kwenye kliniki ya kawaida linaweza kukuchukua asubuhi nzima, mdomo umekauka, shingo inauma, na vichwa viwili vimekuinamia vikibishana kwa sauti ya chini. Kwa upande mwingine, sijui ni wapi pengine jino lako litakaguliwa na watu wawili kwa bei hiyo.

Na hapa kuna mchango usiohitaji M-Pesa. Mwanafunzi hahitimu kwa kufaulu mtihani tu. Lazima awe amefanya idadi fulani ya kazi kwa wagonjwa halisi. Wagonjwa wakikosekana, hubaki akisubiri. Kukaa kwenye kile kiti ni kutoa. Vivyo hivyo daktari wa mjini anayeyatunza meno aliyoyang'oa, kwa ridhaa ya wenyewe, akayapeleka shuleni badala ya kuyatupa kwenye taka za kliniki. Au daktari mstaafu anayejitolea asubuhi moja kwa wiki kuwa ule mguu karibu na breki. Walimu ni haba kuliko vyote nilivyotaja, maana kliniki ya binafsi humlipa mtu vizuri kuliko darasa.

Zawadi zenye mdomo

Si kila mkono unaotoa upokewe haraka. Kuna kontena la vifaa vilivyotumika kutoka ng'ambo, linalopokewa bandarini kwa nyimbo. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni 240. Mashine iliyozoea nusu ikichomekwa kwenye yote, hadithi yake huisha kwa moshi. Hata ile isiyoungua huja bila kitabu cha maelekezo, bila vipuri, na fundi wa hapa hajawahi kuiona. Mwaka wa pili inakuwa mahali pa kuwekea mafaili. Shule iliyowahi kuumwa hivyo hujifunza kuuliza kabla ya kupokea: volti ngapi, vipuri viko wapi, nani atamfundisha fundi wetu, usafiri na ushuru analipa nani? Mfadhili mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Kuna pia zawadi inayokuja na masikio. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha uchambuzi wa nyaraka za ndani za sekta ya sukari. Zilionyesha kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 sekta hiyo ilijisogeza karibu na waliokuwa wakipanga utafiti wa taifa wa Marekani kuhusu kuoza kwa meno, mkazo ukaenda kwenye mambo kama chanjo na dawa za kuvunja utando wa meno, huku suala la kupunguza sukari likiachwa pembeni. Sasa fikiria kampuni ya soda ikijitolea kujenga maabara ya shule ya meno hapa Nairobi. Sisemi ikataliwe moja kwa moja. Nasema makubaliano yaandikwe, yasomwe na umma, na mtoaji asiwe na kiti mezani pale mtaala unapopangwa. Jina lake ukutani ni sawa.

Hayo yote niliyaeleza kwenye kikundi chetu, kwa ufupi zaidi na kwa makosa mengi ya tahajia. Hakuna aliyejibu kwa nusu saa. Kisha mama wa kijana akatuma picha ya karatasi aliyopewa mwanawe: orodha ya vitu ambavyo mwanafunzi hujinunulia mwenyewe, koti, miwani ya kinga, glovu, vifaa vya kuchongea. Mzee wa ghorofa ya kwanza akaandika, "Niandike mia tano. Lakini iandikwe glovu, isiandikwe karo."

Mweka hazina akajibu kwamba orodha yake haina sehemu ya glovu. Wakabishana kuhusu hilo hadi saa tano.